Mutisya Munge: Fundi wa Wamunyu aliyeleta ufundi mpya kutoka vitani

KILIMA cha Salaita, kilicho mashariki mwa mji wa Taveta katika Kaunti ya Taita Taveta, ni kifupi kiasi kwamba msafiri atokaye Voi kuelekea mpaka wa Tanzania aweza kukipita bila hata kugeuza shingo. Lakini mwanzoni mwa mwaka 1916 jina la kilima hicho lilikuwa midomoni mwa wakuu wa majeshi, kwa kuwa ndicho kilichofunga njia baina ya koloni la Waingereza na lile la Wajerumani.

Wajerumani, wakiongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck, waliiteka Taveta Agosti 1914, siku chache tu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia kuanza. Kisha walisogea mbele, wakapiga kambi Salaita na kuchimba mahandaki. Waingereza nao walijibu kwa kujenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi katika nchi kavu isiyo na maji ya kutosha, na kufikia katikati ya mwaka 1915 garimoshi lilikuwa likifika Maktau.

Februari 12, 1916, askari wapatao 6,000 wa upande wa Waingereza, wengi wao Waafrika Kusini waliokuwa wamewasili karibuni, walikishambulia kilima hicho. Mizinga yao ilipiga kileleni, kumbe mahandaki yenyewe yalikuwa chini, miguuni pa kilima. Walirudishwa nyuma na kupoteza watu zaidi ya mia moja, kati ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Mwezi uliofuata, chini ya amri ya Jenerali Jan Smuts, majeshi hayo yalikizunguka kilima badala ya kukikabili ana kwa ana, na Wajerumani wakakiacha bila kupigana. Lango la kuelekea Moshi na nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika likawa wazi.

Historia ya Salaita husimuliwa zaidi kwa majina ya majenerali. Hata hivyo, vita vilivyoanzia katika mpaka huo viliwachukua maelfu ya Waafrika ambao hawakuwa na ugomvi wowote na Mjerumani, vikawapeleka katika nchi ambazo wasingezifikia katika maisha yao ya kawaida. Wengi hawakurudi. Miongoni mwa waliorudi alikuwamo fundi mmoja wa Kikamba, ambaye hakuleta nishani wala mali, bali alileta ujuzi. Jina lake ni Mutisya Munge, na kazi aliyoianzisha ndiyo iliyozaa biashara ya vinyago vya Wakamba inayojulikana hadi Ulaya, Marekani na Asia.

Mutisya Munge alikuwa mtu wa Wamunyu, eneo lililo katika Kaunti ya Machakos ya leo, kando ya njia ielekeayo Kitui. Ni nchi ya vilima, mawe na miti migumu, ambayo mvua yake haitabiriki. Mkulima wa huko hujua kwamba shamba pekee halitoshi kumlinda na njaa, na kwa sababu hiyo Wakamba tangu kale waliunganisha jembe na kazi nyingine. Katika karne ya 19 misafara yao ilifika pwani ikiwa na pembe za ndovu na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Wahunzi wao walisifika kwa kufua minyororo myembamba ambayo hata wageni wa Kizungu waliistaajabia.

Kuchonga mti hakukuwa jambo geni katika nchi hiyo. Mafundi walichonga pinde na mishale, vijiko, mizinga ya nyuki, fimbo za heshima na vigoda vya wazee. Kigoda cha mzee kilichongwa kutoka katika kipande kimoja cha mti, kikiwa na miguu mitatu, bila gundi wala msumari. Juu ya kikalio fundi alichora duara na mistari, kisha akapachika waya wa shaba ndani ya mti kwa ustadi mkubwa, mpaka ule mchoro ukang'aa kama pambo la fedha. Kigoda kama hicho hakikukaliwa na kila mtu. Kilikuwa alama ya umri na heshima, na mwenye nacho alikwenda nacho penye baraza la wazee.

Pamoja na kigoda na fimbo, mzee alihitaji chombo cha tumbaku. Wakamba walipenda ugoro, na tabakero ya kuuhifadhia ilitengenezwa kwa mti, kwa pembe au kwa kibuyu kidogo, ikafunikwa kwa ngozi na kuning'inizwa kwa mnyororo. Ilikuwa kazi ndogo kwa kimo, lakini fundi hakuifanya kwa haraka. Kinywa chake kilipaswa kuwa chembamba ili unga usimwagike, na kifuniko kilipaswa kubana ili usishike unyevu. Kumpa mgeni ugoro kulikuwa ishara ya amani na ukarimu, hivyo chombo chenyewe kilitazamwa na wengi na kilimpa fundi sifa au aibu.

Hivyo ndivyo ulivyokuwa ulimwengu wa fundi wa Kikamba kabla ya vita. Kila kitu alichokichonga kilikuwa na mwenyewe kabla hakijamalizika. Alimjua mzee atakayekalia kigoda, alijua urefu wa mkono utakaoshika fimbo, na kama kazi ilikuwa mbaya angekutana na mteja wake njiani kesho yake. Munge alijijengea jina katika ulimwengu huo. Kabla ya kuondoka kwao alikuwa tayari anafahamika kuwa fundi stadi wa kuchonga, na hilo ni jambo la kukumbukwa, maana wapo wanaodhani kwamba vita vilimkuta mikono mitupu. Vita vilimkuta na ufundi, vikamwongezea mwingine.

Mwaka 1914 ulipofika, serikali ya kikoloni ilihitaji askari, na zaidi ya askari ilihitaji wapagazi. Mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota mizigo, na barabara za magari zilikuwa chache. Chakula, risasi, mahema na dawa vilibebwa vichwani. Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu watu kuchukuliwa kwa nguvu, na machifu waliamrishwa kutoa vijana. Mwaka 1917 uandikishaji huo ulifikia kilele chake, vijiji vikabaki na wanawake, watoto na wazee.

Hasara yake ilikuwa kubwa kupindukia. Makumi ya maelfu ya wapagazi walifariki dunia, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Wengi walizikwa kando ya njia bila alama yoyote. Hadi leo majina ya Kariakoo jijini Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam hutokana na kikosi hicho cha wapagazi, ingawa wengi wanaonunua nguo na mboga katika masoko hayo hawajui kwamba wanatamka jina la jeshi.

Munge alitumika upande wa Waingereza katika vita hivyo na kufika upande wa Tanganyika. Baada ya Moshi kutekwa Machi 1916, majeshi yalishuka kuelekea kusini, na Septemba 4 mwaka huo Dar es Salaam ikaangukia mikononi mwa Waingereza. Mji huo wenye bandari ukawa kituo kikuu cha mizigo na wanajeshi, na watu wa makabila mengi walikutana humo kwa namna ambayo haikuwahi kutokea. Mkamba, Mganda, Mnyamwezi, Mhindi na Mnigeria waliishi kambi jirani, wakazungumza Kiswahili cha kuokoteza na kubadilishana habari za kwao.

Nje ya mji huo ndiko ilikokuwa nchi ya Wazaramo, watu waliokuwa na mapokeo yao ya uchongaji. Kinyago chao maarufu zaidi ni mwana hiti, umbo dogo la kiwiliwili lisilo na mikono wala miguu, lenye kichwa kilichopambwa kwa nywele zilizogawanyika pande mbili. Mwali aliyewekwa ndani baada ya kuvunja ungo alipewa kinyago hicho akitunze kama mtoto, ajifunze ulezi. Umbo hilohilo lilichongwa juu ya fimbo za wakubwa, juu ya ala za muziki na juu ya nguzo za makaburi.

Zaidi ya hayo, Wazaramo walikuwa wameishi na wageni kwa muda mrefu. Pwani yao ilikuwa na Waarabu, Wahindi na Wajerumani, na wachongaji wao walikwisha kujua kwamba mgeni aweza kununua sanamu ya mtu au mnyama ili aiweke tu mezani, bila kuifanyia ibada wala matumizi. Hilo ndilo alilolikuta Munge. Wapo wanaosimulia kwamba walimu wake walikuwa Wamakonde, lakini watafiti walioichunguza habari hiyo wamewataja zaidi Wazaramo.

Ni vyema kupima alichojifunza. Munge hakuhitaji kufundishwa kushika tezo wala kuchagua mti usio na ufa. Alichokiona ni kwamba mti mgumu unaoweza kutoa fimbo waweza pia kutoa mtu mzima, mwenye uso, mavazi na mwendo. Aliona pia mpingo ukichongwa na kusuguliwa hadi kung'aa, moyo wake mweusi ukiachwa uonekane dhidi ya ganda lake jeupe. Na aliona jambo la tatu, lililokuja kuwa na uzito kuliko yote: kwamba kazi ya mikono yaweza kuuzwa kwa mtu usiyemjua, atakayeondoka nayo na asirudi tena.

Vita vya Afrika Mashariki vilikoma Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya, kwa kuwa habari za amani zilichelewa kumfikia Lettow-Vorbeck. Waliosalimika walirudi makwao na kukuta mengi yamebadilika. Njaa na homa kali ya mafua iliyoenea ulimwenguni mwaka huo zilikuwa zimeua watu wengi. Kodi ya nyumba ilidaiwa kwa fedha taslimu, na njia ya kawaida ya kuipata ilikuwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Mtu wa Wamunyu alikuwa na chaguo dogo mno.

Munge alirudi Wamunyu na kuanza kuchonga kwa namna mpya. Alichonga watu na wanyama wa kusimama mezani. Mwanzoni haikuwa biashara kubwa, kwani jirani zake hawakuwa na haja na mtu wa mti. Sanamu hiyo haikukaliwa, haikushikwa safarini, haikuhifadhi ugoro. Wanunuzi walikuwa Wazungu, yaani maofisa wa serikali, wamishonari na walowezi, waliotaka kumbukumbu ya nchi hii ya kupeleka kwao. Polepole ikaonekana kwamba kipande cha mti kilichookotwa porini, kikifanyiwa kazi kwa siku kadhaa, kingeweza kulipa kodi ambayo kijana mwingine aliilipa kwa miezi ya kibarua mbali na nyumbani.

Hapo ndipo ilipo maana kubwa ya maisha ya Munge. Katika miaka ile, serikali ya kikoloni ilimtazama Mwafrika kama nguvu ya mikono tu: abebe mizigo wakati wa vita, alime shamba la mwingine wakati wa amani. Fundi huyu alionyesha njia ya tatu. Mtaji wake ulikuwa tezo, kisu na macho yake. Hakuomba leseni ya shamba, hakuhitaji mashine, na kazi yake ilifanyika chini ya mti nyumbani kwake.

Ujuzi huo haukutoka mara moja ukaenea kila mahali. Ulikaa kwanza ndani ya familia na miongoni mwa watu wa karibu, kama ilivyokuwa desturi kwa uhunzi na uganga. Wanawe wakarithi, jamaa wakajifunza kwa kutazama, kisha majirani wakafuata. Hakukuwa na darasa wala cheti. Mtoto alianza kwa kusugua kazi iliyomalizika, akapewa mnyama mdogo achonge, na baada ya kuharibu vipande vingi aliaminiwa kukata umbo la kwanza kutoka katika gogo. Kwa miaka mingi Wamunyu peke yake ndipo palipokuwa kitovu cha kazi hiyo.

Kwa muda huo, kazi yenyewe ilibadilika. Sanamu za mwanzo zilifuata mambo ambayo wachongaji na wateja wao waliyaona kila siku: askari aliyesimama wima na bunduki yake, mzee mwenye fimbo, mwanamke mwenye mtungi, mpiganaji wa Kimaasai mwenye mkuki. Ni jambo la kutafakari kwamba mwishoni mwa miaka ya 1920 serikali ilisimamisha sanamu za shaba za askari na wapagazi mjini Nairobi, kazi ya mchongaji kutoka Uingereza, James Alexander Stevenson, ilhali katika vijiji vya Ukambani askari wa mti alikuwa akizaliwa chini ya tezo za watu ambao wenyewe, au baba zao, walibeba mizigo ya vita hivyo.

Baadaye wakaja wanyama: twiga, swala, kifaru, tembo na simba. Wakaja pia vyombo vya mezani, hasa vijiko vikubwa vya kupakulia kachumbari vyenye vichwa vya watu kwenye mpini, visu vya kufungulia barua na vibakuli vya majivu ya sigara. Hapo ufundi ulikuwa umepiga duara la ajabu. Fundi aliyekuwa akimchongea mzee wa kijiji tabakero ya ugoro sasa alimchongea mvutaji wa ng'ambo mahali pa kukung'utia majivu. Tumbaku ni ileile, lakini yule aliyeivuta hakujulikana tena kwa jina.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kuanzia mwaka 1939 hadi 1945, viliipa biashara hiyo msukumo mkubwa. Maelfu ya wanajeshi wa mataifa mbalimbali walipita Kenya wakiwa na fedha na hamu ya kununua kumbukumbu. Wakamba wenyewe walikuwa wengi katika jeshi, na walipopelekwa nchi nyingine waliona masoko mapya. Baada ya vita, wafanyabiashara wa Kikamba walibeba masanduku ya vinyago hadi nchi za jirani, na wengine wakavuka bahari. Kazi iliyoanza kwa mtu mmoja ikawa mkate wa maelfu.

Mwanauchumi Walter Elkan aliichunguza biashara hiyo katika miaka ya 1950 na kuchapisha makala yake mwaka 1958. Alionyesha kwamba ilikuwa shughuli iliyoanzishwa na kuendeshwa na Waafrika wenyewe, kuanzia kwa mchongaji hadi kwa mchuuzi, katika wakati ambapo biashara nyingi zenye faida zilikuwa mikononi mwa Wazungu na Wahindi. Mzizi wa shughuli hiyo aliufuata hadi kwa fundi mmoja, naye ni Mutisya Munge. Ni watu wachache mno katika historia ya uchumi wa Kenya ambao sekta nzima yaweza kufuatiliwa hadi mlangoni pao.

Hata hivyo, mafanikio yalikuja na gharama. Oda zilipoongezeka, kazi iligawanywa. Mmoja alikata gogo, wa pili akatoa umbo, wa tatu akamalizia, na wanawake na watoto wakasugua kwa msasa na kupaka nta. Twiga mia moja waliofanana walitoka kwa wakati ambao zamani ungetoa kigoda kimoja. Mpingo ulipoadimika, wengine walipaka rangi nyeusi ya viatu juu ya mti wa kawaida ili mnunuzi adhani ni mpingo. Wahakiki wa sanaa waliutupa mzigo wote katika kapu moja, wakauita bidhaa za watalii, wasitake kutofautisha kazi ya fundi bingwa na ya mwanagenzi.

Hukumu hiyo ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba mchongaji anayelipwa kwa idadi hawezi kuwa na subira ya yule aliyepachika waya wa shaba katika kigoda cha mzee. Lakini ni vigumu kumlaumu mzazi anayechagua twiga kumi za kulipia karo badala ya sanamu moja ya kusubiri sifa. Tena miongoni mwa wachongaji hao wapo ambao mkono wao hutambulika papo hapo na wenzao, hata kama mnunuzi hajui tofauti. Ufundi haukufa, ila ulifichwa ndani ya wingi.

Wachongaji walipoona kwamba faida kubwa inabaki kwa wachuuzi wa kati na wenye maduka, walianza kujiunga pamoja. Mjini Nairobi walikusanyika Gikomba. Changamwe, Mombasa, kiliundwa chama cha ushirika mwaka 1963, mwaka uleule Kenya ilipojipatia uhuru, na Wamunyu nayo ikawa na ushirika wake katika miaka hiyo ya 1960. Watalii walioshuka bandarini na viwanja vya ndege waliletwa humo kwa mabasi, wakawatazama wachongaji wakiwa kazini kisha wakapita dukani. Katika vyama hivyo mchongaji hutambuliwa kwa namba yake ya uanachama inayowekwa juu ya kazi, ili kinyago kikiuzwa alipwe. Ni utaratibu wa haki kwa upande wa fedha, ingawa mnunuzi huondoka na namba asiyoielewa badala ya jina la mtu.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti walikadiria kwamba wachongaji nchini Kenya walikuwa wapatao 60,000, na kwamba vinyago vilivyouzwa nje vililetea nchi takriban dola milioni 20 za Marekani kwa mwaka. Nyuma ya kila mchongaji kulikuwa na watu kadhaa waliomtegemea kwa chakula na masomo. Yote hayo yalitokana na kazi ambayo katika miaka ya 1920 majirani wa Munge walikuwa na haki ya kuiona kama mchezo usio na faida.

Gharama nyingine ilidaiwa na misitu. Mpingo hukua polepole sana; mti wa kufaa kuchongwa huchukua miongo mingi kukomaa. Ulipokwisha karibu na Ukambani, wachongaji waligeukia muhugu na mzeituni mwitu, na hiyo nayo ikaanza kupungua. Muhugu wa msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Malindi na Kilifi, ulikatwa kwa kiasi cha kuwatia hofu wahifadhi. Malori yalianza kutafuta magogo mbali, hata kuvuka mpaka wa Tanzania, kule kule ambako Munge aliona sanamu za mpingo kwa mara ya kwanza.

Dawa iliyopendekezwa ilikuwa rahisi na karibu. Mwarobaini, mti unaojulikana na kila mkazi wa pwani kwa uchungu wa majani yake na sifa zake za tiba, humea upesi, hupandwa kwenye mashamba na nyuani, na mbao zake zinachongeka. Pamoja nao ulitajwa mwembe uliozeeka na mjakaranda. Katika miaka ya 2000, wachongaji wa pwani na wakulima wenye mashamba walishirikiana na mashirika ya uhifadhi ili vinyago vya mwarobaini vipate hati ya kimataifa inayothibitisha kwamba mti haukuibwa msituni. Mwanzoni wachongaji wengi walisita, wakihofu kwamba mteja aliyezoea mti mweusi hataukubali ule wa rangi ya kahawia. Lakini kusita huko ndiko kulikokuwako pia wakati fundi wa vigoda alipoanza kuchonga watu, na historia ya Wamunyu yaonyesha kwamba mkono uliojifunza waweza kujifunza tena.

Ni urithi gani basi aliouacha Mutisya Munge? Hakuacha sanamu kubwa mjini yenye jina lake, wala kitabu, wala sahihi chini ya kazi zake, kwa kuwa fundi wa zama zake hakutia sahihi, aliyemjua alimjua. Kinyago chake kilichonunuliwa na ofisa fulani mwaka fulani chaweza kuwa leo juu ya kabati la nyumba ya ng'ambo, kikipanguswa vumbi na mtu asiyejua kilitoka wapi. Hilo ni pengo, na ndilo pengo la wasanii wengi wa Afrika waliofanya kazi chini ya ukoloni.

Alichokiacha ni njia ya kuishi. Wamunyu, nchi ambayo mvua huikatia tamaa mara kwa mara, ilipata zao lisilongoja mvua. Watoto walisomeshwa, nyumba za mabati zikajengwa, ng'ombe wakanunuliwa kwa fedha za twiga na vifaru wa mti. Mbali na fedha, aliacha pia ushahidi kwamba Waafrika wa makabila tofauti walifundishana hata pale wakoloni walipokuwa wamewakusanya kwa ajili ya kuuana. Mzaramo hakumfundisha Mkamba kwa amri ya mtu. Walikutana kama mafundi, mmoja akatazama mikono ya mwenzake, na kilichotokea hapo kimedumu kuliko mipaka waliyotumwa kuipigania.

Mipaka hiyo yenyewe iligeuka. Bendera ya Mjerumani ilishuka, ya Mwingereza ikapanda kisha nayo ikashuka, Tanganyika ikawa huru mwaka 1961 na Kenya mwaka 1963. Mahandaki ya Salaita yamejaa udongo na nyasi, na kwenye makaburi ya kijeshi ya Taveta, Maktau na Voi majina ya askari yamechorwa kwenye mawe, huku wapagazi wengi waliokufa wakiwa hawana jiwe. Wazee wa Wamunyu wenye kushika tezo hawana jiwe la kuonyesha pia, ila wakiulizwa ni nani aliyeanza, jibu lao huwa ni jina moja, nao hulitaja bila kuacha kuchonga.